Bitana ya Bomba

"Basi uanze wewe kukata mti wako, ndipo na mimi nivunje sakafu yangu," Deodata alisema, mwiko mkononi, na wateja wake wakageuza viti kutazama nje.

Pancras hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. Alishonea chini ya mparachichi, nyuma ya lile jengo la zamani la maduka pale Biharamulo mjini, na tangu chemba ifurike alikuwa amemweleza kila mpita njia kwamba bomba la majitaka limezibwa na mafuta ya mgahawa wa Deodata. Bomba linapita chini ya jiko lake, likafukuliwe huko. Mparachichi aliupanda mwenyewe, kabla hajaota mvi. Ukikatwa, yeye na cherehani waende wapi?

Nimpaye, fundi bomba, binti wa kutoka Mbuba, alimwamkia shikamoo, akatumbukiza kamera kwenye chemba. Mgahawa mzima ukahamia kwenye kioo cha kamera, sahani mikononi. Bomba lilikuwa na ufa, na kwenye ufa imeota mizizi kama ndevu. Mafuta hayakuonekana. Watu wakamtazama Pancras, wakaendelea kula.

Nimpaye akasema hapa haukatwi mti wala haivunjwi sakafu. Ataikata mizizi humo humo ndani, avute soksi yenye gundi mpaka mwisho wa bomba, aijaze upepo igande. Ikiganda, mizizi haina pa kupenya tena.

"Soksi," Deodata alirudia. Mtu akauliza ya kushoto au ya kulia.

Pancras akainuka kuja kuishika. Aliipapasa, akautafuta mshono.

"Hii siyo soksi," alisema. "Hii ni bitana."

Akawaeleza kwamba koti likichakaa kwa ndani hulichani mgongo, unalitia bitana, mwenyewe anaendelea kulivaa. Alieleza kirefu mno. Mwishowe hata yule wa kushoto na kulia alisema bitana.

"Na yale mafuta yangu?" Deodata aliuliza.

"Nilikosea vipimo, Mama Joyness."

Bitana ikavutwa. Mpaka igande, maji yasishuke bombani, kwa hiyo vyombo havikuoshwa, Deodata akapakulia wateja kwenye majani ya mgomba. Pancras alibaki nje, akitunga uzi kwenye sindano iliyokwisha kutungwa.

Deodata akamjia na jagi na beseni. Akamnawisha, kisha maji machafu akayamwaga kwenye shina la mparachichi.

"Haya, kunywa na wewe," aliuambia mti. Akamgeukia Pancras. "Chuma mawili yaliyoiva, uingie ndani. Chakula kinapoa."