Mbebaji

Neno lililozua kizaazaa lilikuwa "mbebaji". Muuguzi wa kliniki ya watoto alilitamka siku ya kwanza kwa upole, majibu ya damu yakiwa mkononi: mtoto ana selimundu, na mama yake ni mbebaji. Akaendelea kueleza kwamba na baba lazima apimwe, maana ugonjwa huu hautoki upande mmoja. Lakini baba hakuwepo. Alikuwa amemtuma mama yake mzazi, na huyo alishasikia alichotaka kusikia.

"Mbebaji!" Mama Ukoo aliwatangazia majirani kabla hajavua hata viatu. "Wenyewe wa hospitali wamesema. Na nani alibeba mimba? Mwanangu? Mwana hutazama kisogo cha nina, basi!"

Jina la Mama Ukoo alipewa na mtaa, na si kwa heshima. Mwanamke yule hakuweza kuomba chumvi bila kuutaja ukoo wa marehemu mumewe: watu wa ukoo ule hawaumwi, hawazeeki, meno yao hayatoboki. Mkaza mwanawe, fundi cherehani, alikuwa amezisikia sifa hizo mpaka masikio yakaota sugu. Debe tupu haliachi kuvuma, alijisemea, akaendelea kushona.

Mama mkwe angevumilika. Kilichomchefua ni mume. Husemwa akili ni nywele, na bwana yule alianza kuota upara mapema. Mama yake akifungua mdomo tu, yeye alikwisha jibu "Ndiyo, mama," hata mkewe moyoni akambatiza Ndiyomama. Mtoto akishikwa na maumivu ya mifupa, fundi ndiye aliyemfunga mgongoni na kukimbia naye kliniki, na bwana akabaki nyumbani kutafuta funguo za baiskeli. Alizitafuta kwa bidii mpaka waliporudi. Hakuwahi kumbeba mtoto yule hata kutoka kitandani mpaka mlangoni. "Mgongo wangu," alisema kila mara, na mtoto mwenyewe alikuwa mwepesi kama mto wa sufi.

Sasa Mama Ukoo akatoa amri. Mwanawe naye apimwe, watu waone. Akionekana safi, fundi afungashe virago arudi kwao, yeye na huyo mtoto wake. Mke mwingine alishaonekana, tena binti wa ukoo ule ule, eti damu isichanganyike.

"Umekubali?" fundi alimuuliza mumewe.

Bwana alikuwa anaitazama dari. "Mama ameshasema."

Fundi aliona uchungu, akamdharau, kisha akajidharau yeye mwenyewe kwa kuona uchungu juu ya mtu wa namna ile. Kurudi kwao hakukumwogopesha. Ila kwao hakukuwa na kliniki, wala dawa, wala muuguzi anayejua mtoto huyu akianza kulia afanyiwe nini. Huko mtoto asingefika mbali, na kila mtu mle ndani alilijua hilo.

Siku ya majibu Mama Ukoo alijipamba kama anakwenda kutoa mahari. Alimleta na wifi yake, dada wa marehemu, awe shahidi wa ukoo. Wakajibana, bwana katikati yao, kwenye benchi la chumba chembamba, kando ya mizani ya watoto, chini ya feni iliyoacha kuzunguka zamani. Fundi alibaki amesimama, mtoto amelala mgongoni.

"Baba naye ni mbebaji," muuguzi alisema.

"Mwanaume anabeba nini?" aliuliza Mama Ukoo.

"Jeni, mama. Chukulia ni funguo mbili za mlango mmoja. Moja unapewa na mama yako, nyingine na baba yako. Moja ikiwa mbovu, ile nzima inafungua, ndiyo maana hawa wawili hawaumwi. Mtoto amepewa mbovu zote mbili, moja huku, moja kule. Na kila mimba watakayopata, kuna nafasi moja kati ya nne itokee hivi hivi. Na huyo binti wa ukoo uliyenitajia mlangoni, naye apimwe kabla hamjafika mbali."

"Mmechanganya damu za watu!"

"Tumerudia kipimo, mama. Ni yeye."

Mama Ukoo hakuchelewa hata kumeza mate. "Basi ameitoa kwa baba yake!"

Ukoo wote ule, na meno yake yasiyotoboka, ukatupwa jalalani kwa pumzi moja. Shangazi mtu akageuka polepole.

"Kaka yangu? Kalala kaburini, hawezi kujibu, ndiyo unambebesha? Wifi, si wewe uliyesema mwana hutazama kisogo cha nina? Basi huyu naye ana nina. Geuka tukione hicho kisogo."

"Hilo si la kugombania," muuguzi alisema, akifungua droo ya sindano. "Mama tunaweza kumpima sasa hivi."

Hapo Mama Ukoo akakumbuka kwamba ameacha chungu motoni. Mtu ambaye hajapika tangu mkaza mwana aingie nyumbani! Akatoka mbio, wifi yake nyuma, na kelele zao zikasikika mpaka getini. Nyani haoni kundule, na akionyeshwa hukimbia.

Fundi akapokea dawa za mtoto, akazitia mfukoni. Mumewe alikuwa anatabasamu, bila haya yoyote.

"Basi, mke wangu, tumetoka sare. Yaishe. Hakuna tena habari ya kuondoka."

Alisema hivyo kama anayetoa zawadi. Fundi alimtazama kuanzia upara mpaka viatu. Kisha akaifungua mbeleko, akamshusha mtoto, akamweka kifuani pa baba yake kabla hajapata cha kusingizia.

"Lakini mgongo—"

"Si umesikia? Mbebaji ni wewe. Beba."

Akatangulia mlangoni. Nyuma yake mtoto aliamka, akamkodolea macho aliyembeba.

"Mama, baba anajua njia ya nyumbani?"

"Hajui," alisema bila kugeuka. "Mwelekeze."