Lupasi ya Tumpe Si ya Happy

Pale Ubaruku, mpunga ukianza kutoa masuke, nyumba nzima huhamia shambani kuamia ndege. Asiyekwenda ni mvivu, basi, hakuna mjadala. Jina hilo Tumpe alikwisha kulipata kwa mama mkwe wake, mimba ya kwanza ikiwa tumboni, kwa kuwa daktari wa Mbeya alimkataza jua. Ana lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeukia mwenyewe. Akashinda ndani, dirisha limezibwa kwa khanga, akisikia wenzake wakipiga madebe na kuwafokea kwelea. Alizichoka zile kuta, jamani, alizichoka mpaka kulia.

Kilichomponza hasa ni dada yake, Happy wa Kihesa. Happy naye ana lupasi. Vidole vinamvimba, anameza dawa, na watoto wawili wazima kazaa. Basi mama mkwe akakata shauri: ugonjwa ni ule ule, kliniki ya Mbeya aliyopangiwa Tumpe ingoje ndege waishe. Shedrack, mumewe Tumpe, akachukua debe lake akaenda shambani, maana mbele ya mama yake bwana yule hafurukuti. Tumpe mwenyewe alimtazama Happy akapata matumaini. Kliniki ikapita.

Ndege walipokwisha, wakaenda Mbeya wote watatu, Tumpe, mumewe na mama mkwe. Daktari akamsikiliza mtoto kwa kipimo, akarudia, akavua miwani. Walipomtajia Happy, akawaeleza kwamba kingamwili zinazomgeukia mtu ni za aina nyingi. Za Happy zilishika viungo, zikaishia hapo. Za Tumpe ni nyingine kabisa: huvuka kondo la nyuma, zikamwingia mtoto na kuharibu njia zinazouendesha moyo wake. Moyo ulikuwa unapiga nusu ya kawaida, na njia hizo zikishaharibika hazirudi. Kliniki waliyoiacha ndiyo iliyokuwa ya kuuchunga moyo huo.

Shedrack aliuliza kama mtoto anaweza kutolewa leo leo. Haiwezekani, mapafu bado machanga mno, angekufa. Tumpe alazwe, mtoto abaki tumboni, wangoje.

Mama mkwe akamshika Tumpe mkono, machozi yanamtiririka.

"Mwache akae, mwanangu. Tumboni kwa mama ndiko salama."

"Ndiko anakoumizwa, mama," Tumpe akasema. "Na siwezi kumtoa."

Akalala ubavu wa kushoto kama nesi alivyomwelekeza, akaogopa hata kujishika tumbo.