Mwinamo wa Mwezi wa Saba

Mwaka 1981 mafuta ya taa yalipatikana kwa foleni, na mkaa uliadimika Mchafukoge nzima, katikati ya Dar. Salem, muuza vyombo, alikuwa na mke asiyeweza kukaa bila maji ya moto. Mke huyo, Mauza, aliugua baridi yabisi tangu usichana, ikamwingia hadi moyoni. Kila kipupwe vidole vyake vilikakamaa, asiweze hata kufunga kifungo cha gauni.

Tarsis, fundi bomba Mchaga aliyepanga uani kwao, ndiye aliyemwambia Salem kuwa jua linatosha kupasha maji. Alikuwa na mabomba chakavu, bati la kupaka rangi nyeusi na mbao za kasha. Kioo cha kufunika ndicho kilichokosekana. Salem akashuka dukani, akang'oa kioo cha kabati. Rafu zenyewe zilikuwa tupu.

Juu ya paa la zege walibishana.

"Mzee, tuliinamishe kasha digrii kumi, uso uelekee kaskazini," alisema Tarsis. "Hapo hutakosa maji ya moto mwaka mzima."

"Na mwezi wa saba?"

"Yatapoa kidogo. Jua la kipupwe hupita mbali, upande wa kaskazini."

"Huo ndio mwezi anaoteseka. Nitengenezee mwinamo wa huo."

Tarsis alipiga hesabu kwa chaki. Dar iko karibu digrii saba kusini mwa ikweta. Katikati ya kipupwe jua liko digrii ishirini na tatu kaskazini mwake. Jumla, thelathini.

"Lakini Desemba utanilaumu, mzee."

"Sitakulaumu."

Walimaliza Juni. Siku ya kwanza Mauza alitumbukiza mikono kwenye beseni, asiitoe mpaka maji yakapoa. Siku ya nne alimwita mumewe. "Baba Hamdiya, njoo uone. Nimejisuka nywele mwenyewe." Mistari ilikwenda upogo. Salem alisema hajaona msuko mzuri kama ule.

Kipupwe kile hakukifikisha mwisho. Alasiri moja ya mwezi wa saba Mauza alijilaza apumzike, moyo ukasimama.

Binti yao Hamdiya alikuja mbio kutoka Ilala. Wanawake waliokuja kumwosha mama yake waliomba maji ya uvuguvugu, na mkaa haukuwepo. Salem akapanda paani mwenyewe, akakinga ndoo, akaiteremsha mpaka mlangoni.

"Yamepata moto?" aliuliza akiwa nje.

"Yamepata, baba," Hamdiya alijibu.

Akabaki amesimama pale mpaka walipoomba ndoo ya pili.

Desemba Tarsis alimkuta paani.

"Shikamoo, mzee. Jua limehamia kusini. Nililaze kasha kidogo?"

"Marahaba. Liache."

"Maji yatakuwa hayana moto."

"Mimi naoga ya baridi, Tarsis."

Machozi yakamtoka. Tangu mazikoni hakuna aliyemwona Salem akilia. Tarsis aliweka spana chini, akakaa naye juu ya zege, wala hakumwambia anyamaze.