Maji Yaliyomfuata Esta Chuoni

Habari hii alinipa Sabina, mpangaji mwenzake Esta kule Soweto, Mbeya, mwaka jana tukipukuchua mahindi. Sabina si mtu wa kutia chumvi.

Esta alisoma diploma ya ujenzi Iringa. Somo la maji alilimalizia kwa vitendo kwao Ruaha Mbuyuni, kwenye mashamba ya vitunguu, akafungua mfereji kwa jembe lake mwenyewe. Kule kwao, aliyefungua mfereji akitaka kuondoka hutupia maji konzi ya udongo, anayaambia, "Baki." Siku ya safari ya kwenda Mbeya kusoma digrii, Esta alimwambia hivyo binti yake, Gloria: "Baki na bibi, miaka miwili tu." Basi likapiga honi barabarani, akakimbia. Maji hakuyaaga.

Yakamfuata. Pale Kitonga yalionekana nyuma ya basi, membamba kama mkanda, yanapanda mlima kona kwa kona. Madereva wa malori walizima injini wakavua kofia, kimya, mpaka yakapita. Mama mmoja mwenye beseni la nyanya akayasalimia, "Kamwene," kama mtu mzima yeyote. Makambako kulikuwa na baridi, yakapumzika uvunguni mwa basi. Jioni yakafika Soweto, yakajilaza mlangoni kwa Esta.

Kesho yake akaenda nayo chuoni kuhamisha krediti zake, aingie mwaka wa tatu wa digrii ya uhandisi. Bila somo la maji angeanzia mwaka wa kwanza. Bwana Nashoni wa udahili alikunja suruali, akayavuka, akaketi.

"Haya ndiyo ya somo lako?"

"Ndiyo, baba. Mfereji niliufungua mwenyewe."

"Yamekujaje huku juu?"

"Yamepanda Kitonga."

Bwana Nashoni akayatazama kwa muda, akavua miwani kwa heshima. "Mazuri sana. Ila mtaala wetu, dada, una maji yanayoshuka. Haya ya kupanda hatuna pa kuyaweka."

Esta akaanza mwaka wa kwanza, na watoto waliotoka kidato cha sita juzi.

Lilipofika somo la maji, bomba la maabara lilikuwa kavu. Mwalimu Gideoni akamwomba Esta ayakaribishe yale ya kwake. Yakaingia polepole, yakapanda mezani, yakashuka, yakapanda tena. Darasa lote likasimama, hakuna aliyekaa mpaka yalipotulia.

"Mama mdogo," akanong'ona kijana mmoja, Amos, "yaambie yapunguze mwendo, bado naandika."

Wote walifaulu. Esta naye alifaulu, somo lilelile, mara ya pili.

Jioni ya siku ya matokeo majirani walikuwa wameshachota ya kupikia, na maji yamelala mlangoni. Esta akampigia Gloria simu.

"Mama, bado ni miaka miwili?"

"Imekuwa minne, mwanangu."

"Maji hukuyaambia yabaki, yakaja. Mimi uliniambia."

Esta akachuchumaa kizingitini, akaisogeza simu karibu na maji. Gloria akasikiliza mfereji wa kwao ukipita Mbeya. Pumzi yake ikawa nzito. Bibi akamtoa simu mkononi, akamfunika, akalala naye.

Sabina alimkuta Esta amejiegemeza mlangoni, mkono mmoja majini, konzi ya udongo kwenye ule mwingine, bado hajaitupa. Akamfunika kanga, akaingia kwake kulala. Esta alikuwa ameshalala.