Kilowati Sita za Jumanne

Tarmo Hietikko alikuwa mchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Iisalmi, mbali kaskazini kwenye nchi ya theluji. Siku nzima kazi yake ilikuwa kuwashawishi wateja kwamba rangi nyeupe ziko za aina kumi na nne, na kwamba waliyoichagua jana siyo waliyoitaka. Akifika nyumbani alitamani kitu kisichobishana, basi akaangukia kwenye vidude vya umeme. Waya ama umeshika, ama haujashika. Hakuna wa tatu.

Majira yale ya baridi bei ya umeme ilikuwa inabadilika kila saa, na Tarmo alishakuwa kero. Soile, mke wake, akigusa tu swichi ya oveni anasikia sauti nyuma yake: "Sasa hivi? Subiri saa mbili usiku, itashuka."

"Tarmo, mimi nataka kula leo," Soile alikuwa akimjibu. Alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, amezoea kusema na watu wasioweza kujibu.

Mwezi wa kumi Tarmo akaagiza kompyuta ndogo isiyozidi kiberiti, kihisi cha mwanga kidogo kama punje ya dengu, na rundo la nyaya za rangi. Kwa siku tatu meza ya jikoni ilinuka risasi iliyoyeyuka. Mita yao ilikuwa na kitaa chekundu kinachopepesa mara elfu moja kwa kila uniti moja ya umeme. Yeye akabandika kihisi juu ya kitaa, kompyuta ikawa inahesabu mapepeso na kumchorea mstari kwenye simu. Chai ikichemshwa, mstari unaruka. Friji ikiamka, mstari unainuka kidogo kama mtu anayegeuka usingizini.

"Ona, huyo ni wewe unakausha nywele," akasema kwa furaha.

"Mungu wangu," Soile akasema. "Nimeolewa na mita."

Jumanne ya pili ya mwezi wa kumi na moja, Tarmo akiwa kwenye mapumziko yake dukani, alifungua simu akakuta mlima. Kuanzia saa tano na dakika kumi mpaka saa sita na dakika arobaini nyumba yake ilikuwa inakula kilowati sita. Nyumba ambayo haikuwa na mtu.

Kwanza alikishuku kifaa chake, kama anavyofanya kila anayejitengenezea mwenyewe. Labda jua lilipenya dirishani likakidanganya kihisi. Alikizungushia utepe mweusi tabaka tatu. Jumanne iliyofuata, mlima tena, mwembamba kidogo, ukianzia saa ileile. Na jua la Iisalmi mwezi huo halina nguvu ya kumdanganya hata paka.

Ndani ya nyumba ile kitu kimoja tu kilikula kilowati sita kwa mpigo: jiko la sauna, kile chumba cha mbao cha kuogea mvuke. Tarmo akaenda kukagua. Mabenchi makavu. Ndoo imepinduliwa vizuri. Lakini kwenye kichujio cha sakafu alikuta jani moja la mbetula, mti ambao matawi yake watu hujichapia mwili wakiwa saunani, na wao hawakuwa wamejichapa tangu kiangazi. Hakumwambia Soile. Angesema kifaa kimekosea, au angesema kitu kibaya zaidi, kwamba kifaa kimepatia na amwite polisi.

Jumanne iliyofuata tena, mstari ulipoanza kupanda, Tarmo alivua aproni, akamwambia mwenzake anakwenda kula, akaenda nyumbani mbio mbio. Theluji mpya ilikuwa imeanguka asubuhi. Kutoka geti la nyuma mpaka mlangoni palikuwa na nyayo za mtu mmoja, hatua fupi fupi, na pembeni ya kila hatua kitundu cha mkongojo.

Aliingia kimya kimya, akavuka chumba cha kuvulia nguo, akavuta mlango wa sauna.

"Funga mlango, joto linatoka!"

Juu kabisa kwenye benchi la mwisho, mtupu kama alivyozaliwa, mwekundu, kofia ya sufu kichwani, alikaa Aatos, baba mkwe wake, mwenye miaka themanini na mitatu.

"Baba?"

"Ulimtegemea nani? Mwizi? Mwizi gani anakuja kuoga?"

Aatos alikuwa akikaa kwenye makao ya wazee mtaa wa pili tangu kiangazi kile, miaka miwili baada ya mkewe Helvi kufariki, na baada ya nyonga yake mwenyewe kuvunjika. Nyumba hii ni yeye aliyeijenga, na sauna aliijenga kabla ya jiko la kupikia. Tarmo alisimama mlangoni na koti lake la baridi, miwani imejaa ukungu, hajui afoke au acheke.

"Unaingia au unatoka?" Aatos akauliza. "Maana koti lako linaanza kuiva."

Tarmo akavua, akaingia, akakaa benchi la chini. Mzee alichota maji, akayamwaga juu ya mawe. Mvuke ukawapanda wote wawili. Walisubiri mpaka ulipolegea.

"Kule makaoni hawana sauna?" Tarmo akauliza.

"Wanayo. Nyuzi joto hamsini na tano! Hata mkate hauumuki humo. Na muuguzi yuko nje ya mlango, kila dakika mbili: 'Aatos, bado upo?' Siku moja nitamjibu sipo." Akajikuna goti. "Wewe umejuaje? Mimi nafuta benchi. Ndoo naipindua. Taulo nakuja nalo na kuondoka nalo."

"Mita imekusema."

Walipotoka kupoa, Tarmo alimwonyesha simu. Alitegemea mzee akasirike. Badala yake Aatos aliisogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu, akafuata milima kwa kidole chake kinene.

"Hii yote ni mimi?"

"Ni wewe."

"Huu mpana nao?" Alikuwa ameshika mlima wa kwanza kabisa. "Hiyo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Helvi. Nilikaa sana."

Mzee akamrudishia simu, akainuka kufuata soksi zake, na hapo magoti yakamwisha. Hakuanguka, kwa sababu Tarmo alimdaka kwapani. Lakini kwa nukta ile moja alikuwa mzito kama gunia na macho yake hayakuwa yanaangalia chochote. Kisha akarudi.

"Ni kawaida," akasema, akivuta pumzi. "Inapita."

"Inapita ukiwa na mtu, baba. Ukiwa peke yako je?"

"Mkwe, usimwambie Soile. Nakuomba. Atachukua ufunguo."

Tarmo aliahidi, na ahadi ikaishi muda wa saa tano tu. Jioni ile Soile alikuwa anamenya viazi, macho kwenye skrini ndogo ambayo Tarmo alikuwa ameitundika kando ya friji. Kumbe siku hizi alikuwa akiisoma.

"Nani alikuwa sauna leo mchana?"

"Mimi," Tarmo akasema haraka. Hilo lilikuwa kweli.

"Na wiki iliyopita? Na ile ya kabla?" Akaweka kisu chini. "Tarmo, kama una mwanamke, angalau awe anakuja saa ambazo umeme ni rahisi."

Tarmo alicheka, akajaribu kuacha, akashindwa, na mwisho akasema yote, pamoja na magoti. Soile hakucheka. Alikishika tena kisu, akamenya kiazi mpaka kikabaki kama karanga.

"Kwa nini hakuniomba?"

"Akuombe nini? Ruhusa ya kuingia sauna yake?"

"Ni mimi niliyemkataza," Soile akasema taratibu. "Siku anahama. Nilimwambia, baba, sasa basi, mambo ya sauna peke yako yameisha. Nikajiona nimefanya la maana."

Jumanne iliyofuata Soile alichukua likizo ya siku moja. Saa tano kamili alikuwa amekaa chumba cha kuvulia nguo, na chupa ya kahawa na soseji ndani ya karatasi ya foili, za kuiva juu ya mawe ya jiko. Tarmo alikuwa nyuma yake, akijifanya anakaza skrubu. Mlango ukafunguka, Aatos akaingia na mfuko wake wa taulo, akamwona binti yake, akasimama.

"Tarmo ni mbea," akasema.

"Siyo Tarmo, ni mita. Kaa chini, baba."

"Ukitaka ufunguo, huu hapa."

"Ufunguo wako sina haja nao. Nataka usife juu ya benchi nikukute saa kumi jioni nikitoka kazini. Hicho tu."

Mzee alikaa. Akaitazama kahawa, akaitazama soseji. "Na nikifa makaoni ndiyo itakuwa bora?"

"Haitakuwa bora popote!" Soile akasema. Hapo Aatos alinyoosha mkono akamshika kisigino cha kiatu, maana ndicho kilichokuwa karibu, na wakakaa hivyo baba na mwana bila kuangaliana.

Kisha wakaanza kupatana bei kama watu wa sokoni. Soile alitaka mzee asije bila mtu. Aatos alitaka aachwe. Tarmo ndiye aliyeleta kitufe: kitufe kikubwa chekundu, upana wa kiganja, kilichokuwa kimelala kwenye sanduku lake bila kazi. Kingefungwa kando ya mlango wa sauna. Jiko likiwaka tu, simu ya Tarmo na ya Soile zinapata ujumbe. Mzee akibonyeza kila robo saa, sawa. Asipobonyeza, simu zinalia. Na asije peke yake. Aje na mtu.

"Hakuna kamera?" Aatos akauliza.

"Nani anataka kukuona?" Soile akasema.

"Basi sawa. Nitaleta Kalervo."

Kalervo alikuwa jirani yake wa chumba kule makaoni, dereva wa zamani wa magari ya magogo, kiziwi wa sikio moja. Jumanne ya kwanza kitufe kilibonyezwa mara kumi na tisa. Tarmo dukani alikuwa akitazama simu na kutabasamu mbele ya mteja wa rangi ya kijivu. Jumanne ya pili, mara kumi na mbili. Ya tatu, mara mbili, kisha hakuna.

Simu ikalia. Tarmo hakusubiri kumaliza kopo alilokuwa nalo mkononi. Alikimbia na aproni yake, viatu vinateleza barafuni, akapiga simu ya nyumbani isiyopokelewa, akamkumbuka mzee macho yake hayaangalii chochote. Aliubamiza mlango wa nje na kuita, "Baba! Baba!"

Ndani walikuwa wamekaa benchi la juu, bega kwa bega, wanabishana kwa sauti kubwa ni lori gani lililowahi kutumbukia ziwani mwaka gani. Kwenye kitufe chekundu palikuwa pametundikwa taulo la Kalervo.

"Mnajua nimekimbia kutoka wapi?" Tarmo alifoka. Hakuwa amewahi kumfokea baba mkwe wake tangu amwoe Soile. "Nilidhani umekufa! Nilidhani nimekuua mimi, na kitufe changu!"

Kalervo alimgeukia Aatos. "Anasema nini?"

"Anasema tumekosea," Aatos akasema. Akashuka benchi moja moja, ameshika ukuta, akaja mpaka mbele ya Tarmo. Alimtazama aproni, rangi ya bluu iliyomwagika kifuani, kifua chenyewe kinavyopanda na kushuka. "Nisamehe, mwanangu," akasema. Siku zote alikuwa akimwita mkwe.

Kisha akaliondoa taulo, akabonyeza kitufe kwa nguvu. Huko kliniki simu ya Soile ikanyamaza. Aatos alimmiminia Tarmo kahawa kutoka kwenye chupa, akamkalisha kwenye kiti cha chumba cha kuvulia nguo, na mwenyewe akakaa naye hapo amejifunga taulo, mpaka kikombe kikaisha.