Kitanda cha Mwelu Bondeni

Lori la kifusi lilipofika kujaza lile bonde la nyuma ya kanisa, Kayole, lilikuta kitanda katikati. Juu yake Mwelu, mjane mwenye nyumba ya mabati pale ukingoni, amejifunika blanketi, anakunywa chai.

"Niaje, mathe? Umehama?" dereva Muoki akaita.

"Nimetangulia tu. Mkijaza hapa, mvua yote itaingia kwangu. Nikaona nisingoje kufukuzwa na maji, nizoee kulala nje mapema."

Mwenyekiti wa kanisa, Wanyoike, akashuka garini mwake. Yeye ndiye aliyetaka pawe pa kuegesha magari.

"Mama Mwelu, hiki ni kishimo tu. Leo jioni kitakuwa kimesawazishwa."

"Kishimo!" Mwelu akaelekeza kikombe kwenye shimo alilochimba jana kando ya kitanda. Udongo mweusi juu, wa kijivu chini yake, kisha mweupe kama chokaa, umejaa maganda ya konokono wa majini. "Hawa walishukia stegi gani ya matatu? Hapa palikuwa ziwa, mwenyekiti. Ardhi ilititia, maji yakajaa, vijito vikaleta tope kidogo kidogo, maelfu ya miaka, na bado halijajaa. Kila masika maji hurudi kwao. Wewe una lori moja."

"Nani kakwambia hayo?"

"Watu wa chuo waliokuja kupima udongo. Niliwapa chai, nikawauliza maswali mpaka wakaomba ruhusa ya kuondoka."

Waumini waliokuwa wamekusanyika wakacheka. Wanyoike hakucheka.

"Muoki, mwaga!"

Muoki akatazama kitanda, akazima injini. "Kifusi nitamwaga, mwenyekiti. Mama wa watu nimfukie na blanketi yake? Hiyo zii, siwezi."

"Basi tutangoja ashuke."

"Ngojeni," Mwelu akasema, akijivutia mto. "Nimeoga, nimekula, na leo sina safari."

Jua likapanda. Kina mama wa kwaya wakaleta mandazi, wakampita Wanyoike kama nguzo ya stima ya kando ya barabara, wakakaa kitandani na Mwelu. Saa sita hivi mwenyekiti akafungua mlango wa gari lake.

"Haya! Tutaegesha barabarani."

"Nitakuombea upate nafasi," Mwelu akamjibu.

Muoki akawasha injini, akaanza kugeuza lori.

"We Muoki! Unaenda wapi na huo mzigo? Mwaga pale mlangoni kwangu, niinue kizingiti. Mvua inakuja, na mimi sihami."