Nyuma ya Greda

"Zima injini, mzee, utatuua kwa moshi!" Ngumi yenye glavu iligonga kioo mara mbili.

Hallgeir alishusha kioo kidogo tu, na theluji ikaingia kama mgeni aliyealikwa. Aliyegonga alikuwa dereva wa lori la samaki lililosimama nyuma yao, mtu mnene wa uso mwekundu, mkononi ameshika kipande cha mkate na jibini ya kahawia. Mbele yao kizuizi kilikuwa kimeshushwa, taa yake nyekundu ikiwaka na kuzimika, na ng'ambo ya kizuizi hapakuwa na kitu. Mlima ulikuwa umefutwa.

"Msafara unaondoka saa ngapi?" Hallgeir aliuliza.

"Greda la theluji likija. Na likija, limekuja." Dereva alitafuna. "Wewe si wa huku."

"Mke wangu ndiye wa huku."

Dereva aliinama akachungulia ndani. "Ibilisi na bibi yake! Jorunn wa Petrine! Mimi nilidhani walishakuzika kusini."

"Kusini gani, Edvin? Nilikuwa kambini, mwendo wa siku moja kwa gari."

"Hiyo ndiyo kusini yenyewe." Edvin alicheka hadi makombo yakaruka. "Sasa mmekuja kuchukua nyumba ya shangazi yako au mmekuja kunywa kahawa?"

Jorunn alimtazama mumewe. Hallgeir alikitazama kizuizi.

"Tumekuja kunywa kahawa," Hallgeir alisema.

"Basi inyweni upesi. Kesho anakuja bwana mmoja wa Oslo kuitazama nyumba. Atakaa siku kumi za Julai, apige picha jua la usiku wa manane, kisha afunge mlango aondoke. Dirisha jingine la giza." Edvin aligonga paa la gari kwa kiganja, kama mtu anayeaga ng'ombe, akarudi kwenye lori lake.

Hallgeir alizima injini. Alikuwa na miaka sitini, na tangu vuli hakuwa tena sajini mkuu. Walimpa hotuba, keki, na greda dogo la shaba lililowekwa juu ya kipande cha mbao, kwa kuwa miaka thelathini na miwili aliongoza kikosi cha kuondoa theluji kwenye uwanja wa ndege wa jeshi. Nyumba ya kambini ilitakiwa irudishwe theluji ikiyeyuka. Rafiki yake mmoja alikuwa amehamia Hispania, na kila Jumapili alipiga simu kueleza juu ya mchungwa wake uani. Hallgeir alimsikiliza kwa heshima, na baada ya simu alikwenda kusimama dirishani bila kujua anaangalia nini.

Kisha ikaja simu ya Shangazi Petrine. Alikuwa amehamia nyumba ya wazee ya Skarvvåg, mji wao ng'ambo ya mlima, miguu imemkataa ngazi. "Nyumba ni yenu mkiitaka," alisema. "Mkisema hapana sitanuna, nitamuuzia mwingine. Ila njooni Jumamosi, mseme kwa mdomo, mezani pangu. Wataniruhusu nije siku moja niwashe jiko."

Leo ndiyo ilikuwa Jumamosi. Wakati wa kunyoa ndevu Hallgeir alikuwa na hakika kwamba angesema ndiyo. Walipofika kwenye kituo cha mafuta alikuwa na hakika kwamba angesema hapana. Baada ya hapo alikuwa na hakika tena, ila hakukumbuka ya lipi.

Greda lilitoka kwenye weupe, kwanza sauti, kisha taa za rangi ya chungwa, kisha jembe lenyewe, pana kama ukuta wa ghala. Nyuma yake magari yaliyotoka mjini yalipita moja moja, yameganda barafu, madereva wakiinua kidole kusalimia. Mwanamke mwembamba aliruka kutoka juu, akaanza kupita dirisha kwa dirisha.

"Mimi naitwa Ragnfrid, na mpaka ng'ambo ya pili mimi ndiye mama yenu," alimwambia Hallgeir. "Fuata taa za aliye mbele yako. Ukizipoteza, simama. Usishuke, usigeuze. Washa taa za tahadhari, zote mbili, kulia na kushoto, wala usizizime mpaka upite kizuizi cha upande wa mjini. Umeelewa?"

"Nimeelewa." Macho yake yalikuwa kwenye jembe. "Chuma chako kimelika upande wa kulia."

"Barabara nayo imeinama kulia. Ningekinyoosha, kingeniacha na barafu upande mmoja." Alimtazama vizuri zaidi. "Macho kwenye taa, babu, si kwenye jembe langu."

Jorunn aligeukia dirishani ili asionekane akitabasamu.

Wakaondoka. Magari manane mbele yao, lori la Edvin nyuma, na mkiani gari la mlinzi lenye redio. Kwa muda taa mbili nyekundu zilizokuwa mbele ya Hallgeir zilionekana vizuri. Lakini aliyekuwa mbele yake alikuwa dereva mwoga: alikanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena, taa zake zikipamba moto na kufifia bila sababu. Hallgeir hakuweza kuvumilia. Maisha yake yote hakuwa amefuata taa za mtu. Uwanjani magreda yalikwenda kwa mshazari, kila moja likipokea theluji iliyotupwa na la mbele yake, na la kwanza kabisa lilikuwa lake. Yeye alisoma kingo za lami. Alijua kwa sikio tu chuma kikigusa lami na kikigusa barafu, na usukani ulimweleza mengine.

Basi akampa yule mwoga nafasi, kidogo, kisha kidogo zaidi, na macho yake yakaenda yenyewe pembeni, kwenye fito ndefu zilizosimikwa kando ya barabara, kila moja na utepe wake unaong'aa. Fito hazikanyagi breki. Zilikuja moja baada ya nyingine, zimenyooka, na mabega yake yakalegea kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Hallgeir," Jorunn alisema, "zile taa ziko wapi?"

Hazikuwapo. Palikuwa na fito, na weupe, na theluji iliyofika magotini mwa gari, ambayo hakuna greda lililokuwa limeigusa. Alikanyaga breki. Gari lilizama mbele kwa upole, kama mtu anayekaa kwenye kiti laini. Nyuma yao honi ya lori ililia mara moja, kwa huzuni.

"Tumetoka njiani," alisema.

"Naona."

"Na Edvin amenifuata."

"Edvin amefanya alivyoambiwa."

Upepo ulilitikisa gari. Kwenye kioo cha nyuma taa za lori zilikuwa madoa mawili ya maziwa. Taa zao wenyewe za tahadhari ziliendelea kupepesa, tik, tik, kulia na kushoto kwa pamoja. Hallgeir alishika mpini wa mlango.

"Usishuke," Jorunn alisema.

"Nina koleo."

"Alisema usishuke."

Aliuachia mpini. Jorunn alitoa chupa ya kahawa, akammiminia kwenye kifuniko, na Hallgeir akakishika bila kunywa. Uwanjani hakuwahi kumpotosha mtu hata mara moja.

"Labda ni ishara," alisema.

"Ishara ya nini?"

"Kwamba tusije."

"Au kwamba hujui kufuata. Hiyo haihitaji ishara, ningekwambia nyumbani." Alimimina ya kwake. "Niulize, basi. Unanitazama tangu tulipopita daraja. Uliza."

"Unataka kurudi kwenu?"

Jorunn alifuta ukungu kwenye kioo cha dirisha lake. "Nilipoondoka nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilikuwa nauchukia upepo huu kana kwamba ni mtu. Leo pale kwenye kizuizi nilisikia harufu ya samaki kwenye glavu za Edvin, nikataka kulia. Sijui ni kwa furaha au kwa nini. Sijui kama bado ni kwetu. Nawe?"

"Sijui."

"Miaka yote hii, sijawahi kukusikia ukisema neno hilo."

"Ukisema ndiyo, mimi nitasema ndiyo," Hallgeir alisema.

"La! Hilo ndilo silitaki." Kahawa ilimwagika kidogo juu ya sketi yake. "Kila tulipohama ilikuja amri. Mimi nilifunga masanduku, wewe ulipakia. Mimi sikuulizwa, nawe hukuulizwa, na tulipochoka tulimlaumu kanali. Sasa hakuna amri, na wewe umenikodolea macho kana kwamba kanali ni mimi."

Hallgeir alitaka kucheka lakini kicheko hakikutoka. "Kule nitafanya nini, Jorunn? Uwanjani kulikuwa na ndege inasubiri. Theluji ilikuwa kazi. Kule itakuwa inaanguka tu."

"Kuna ngazi za Shangazi."

"Ngazi."

"Ngazi kumi na moja, na mzee aliyeshindwa kuzishuka. Mimi sisemi ni kazi. Nasema zipo."

Hallgeir alitazama ufito uliokuwa mbele ya gari, utepe wake uking'aa kila taa zilipopepesa, na akashangaa jinsi alivyouamini. Mchungwa wa Hispania ulimjia akilini. Huko hakuna haja ya fito kabisa. Wazo hilo halikumpa raha wala halikumwondokea.

Wakakaa hivyo, kahawa ikapoa, mpaka mwanga wa rangi ya chungwa ulipotokea ubavuni na ardhi ikanguruma. Ragnfrid alikuwa amewafikisha wa mbele, kisha akarudi baada ya mlinzi kumwita kwa redio. Jembe lake lilipita karibu nao kiasi kwamba Hallgeir angeweza kuligusa, likafungua njia, likawavuta kwa mnyororo mpaka barabarani. Halafu mwenye greda akaja dirishani, theluji imemjaa kwenye nyusi.

"Nani alianza kwenda mnarani? Wewe, babu?"

"Mimi. Nilifuata fito."

"Fito! Zile ni za njia ya zamani, ya mafundi wa mnara wa redio kule juu. Nilisema ufuate nini?"

"Taa."

"Taa za nani?"

"Za aliye mbele yangu."

"Shetani mwenye mguu mmoja angefuata vizuri kuliko wewe! Ulikuwa unafanya kazi gani maisha yako yote?"

Hapo Jorunn alicheka, akacheka hadi akashika mdomo kwa mikono miwili. Hallgeir aliona aibu ikimpanda shingoni, kisha ikashuka.

"Nilikuwa mbele," alisema.

Ragnfrid alimtazama mikono iliyokuwa juu ya usukani, kisha akatazama greda lake, kisha akamrudia. "Haya. Waliokuwa mbele ndio huniharibia misafara," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Kaa nyuma yangu mimi, usimwache mtu katikati. Taa zangu hazikanyagi breki ovyo."

Akakaa nyuma yake. Hakuwahi kuona kazi ile kutoka huku. Theluji ilipanda kwenye jembe, ikajikunja kama karatasi, ikaruka kulia na kupotea, na chini yake ikatokea barabara nyeusi, fupi, ya kuwatosha wao tu. Alipotupa jicho kwenye kioo, upepo ulikuwa tayari unaifunika nyuma ya lori la Edvin. Miaka yote alikuwa akifungua njia bila kugeuka. Akarudisha macho kwenye zile taa mbili, akaziacha zimpeleke.

Walipoanza kushuka, weupe ulipasuka. Chini kulikuwa na bahari ya rangi ya risasi, gati, kanisa, na nyumba zilizotawanyika kana kwamba mtu alizidondosha akikimbia. Madirisha mengine yalikuwa na taa. Mengi hayakuwa nayo.

Ng'ambo ya kizuizi cha chini foleni nyingine ilisubiri, imeelekea walikotoka. Ragnfrid alisimama, akapita akipunga mkono. "Nakunywa kikombe, kisha narudi juu na hawa. Kama kuna anayetaka kurudi, ageuzie pale. Baada ya hapo nafunga hadi kesho."

Hallgeir alisimamisha gari mahali pa kugeuzia. Upande mmoja ulikuwa mkia wa foleni, nafasi ya gari moja. Upande mwingine barabara iliteremka hadi nyumba ya manjano iliyokuwa juu ya ngazi zilizozikwa na theluji. Dirisha la jikoni liliwaka, na moshi kutoka bombani ulilala ubavu kwa upepo. Jorunn alikunja mikono mapajani, akatazama mbele. Edvin aliwapita taratibu, akainua kidole, akateremka na samaki wake.

Kisha mguu wa Hallgeir ukaachia breki, na gari likaanza kuteremka, polepole, kwa uzito wake lenyewe.

Tik, tik. Taa za tahadhari zilikuwa bado zinapepesa. Jorunn alizisikia. Hakumwambia azizime. Kule chini pazia la jikoni lilisogezwa, na mwanamke mzee akaegemea dirisha kulitazama gari lililokuwa likija, likiashiria kwamba litakata kulia, na kwamba litakata kushoto.